Siku Droni Yangu Ilipoamkiwa

Kila asubuhi ya likizo yangu katika nchi ya Kileleni ilianza vilevile. Nilifuta mapanga manne ya droni yangu kwa kitambaa cha miwani, nikaiweka juu ya sinia lililofunikwa kifudifudi uani, nikanywa chai nusu kikombe, kisha nikairusha ielekee mashambani, ambako haikumsumbua mtu. Asubuhi moja mashamba yalikuwa yamezama katika ukungu, nikaigeuza upande wa mjini. Nusu ya pili ya chai ilikuwa bado kikombeni niliposikia mji mzima ukiita kwa sauti moja:

"Shikamoooo!"

Nikachungulia nje ya ua. Muuza maandazi alikuwa amepiga magoti kando ya karai lake. Kinyozi alikuwa ameinama na wembe mkononi, na mteja wake ameinama pia, nusu ya ndevu zikiwa bado na povu. Macho ya wote yalikuwa juu, kwenye droni yangu, nayo ilikuwa imetulia hewani juu kabisa ya mnara wa mji, ikivuma kama nyuki, haiitikii.

"Mwanangu," akasema nyuma yangu Bi Mashavu, mwenye nyumba ya wageni niliyofikia, mikono yake imejaa unga, "hicho kidude kipandishe kinyumenyume haraka, kabla hawajakichagua."

"Kukichagua kuwa nani, mama?"

"Kuwa mkubwa wetu."

Yanipasa nieleze, kwa kuwa msomaji hakuwepo. Kileleni ni nchi tambarare kama mkeka. Haina mlima, haina kilima, haina hata kichuguu cha maana, na pengine ndiyo sababu wenyeji wake hawapendi kitu duniani kama kuwa juu. Sheria yao ya msingi ina kifungu kimoja tu: Aliye juu ndiye mkubwa. Haisemi juu ya nini wala kwa namna gani, kwa hiyo wameichukua kama ilivyo. Kila mtu mzima hutembea na kigoda chake, amekitundika begani kwa ukanda kama sisi tunavyobeba mikoba. Watu wawili wakitofautiana, kila mmoja hutua kigoda chake akapanda, na mwenye kigoda kirefu ndiye mwenye haki. Nilishuhudia sokoni ugomvi juu ya bamia zilizooza ukiendelea mpaka mwenye kuziuza akaletewa ngazi na shemeji zake. Akashinda. Bamia zikabaki zimeoza vilevile.

Salamu nazo zina utaratibu huohuo: aliye chini humwamkia aliye juu, umri hauulizwi. Nilimwona bibi mwenye mvi tupu, ameketi mkekani akichambua mchele, akimwambia mjukuu wake aliyepanda ukutani, "Shikamoo." Mtoto akaitikia, "Marahaba, hujambo?" huku akibembeza miguu. Moyo uliniuma, lakini bibi mwenyewe hakuona ajabu. Aliniambia kwamba na yeye utotoni alikuwa na mti wake.

Mganga wao mkuu huwatibu wagonjwa akiwa roshani, nao wamelala uani. Waziri wao wa Barabara anaishi juu sana, na kwa muda wote wa kazi yake hajapata kuona shimo. Sikuweza kumcheka. Picha zangu mwenyewe ndivyo zilivyokuwa: kutoka kule juu tope lilionekana kama kitambaa cha hariri ya kahawia, na foleni ya watu wenye kiu ilionekana kama shanga.

Na kuna neno moja ambalo halitamkwi. Kushuka, kwao, ni tusi. Hata mvua hupanda kinyumenyume. Jua la jioni hupanda kinyumenyume. Mtu akitumbukia kisimani, majirani hukimbia wakipiga yowe kwamba fulani amepanda kinyumenyume kwa kasi.

Mimi naitwa Hidaya. Nilisomea ukutubi chuoni na nafanya kazi maktaba, mahali ambapo watu hukatazwa kusema kwa sauti, na nikaona Mungu amenichagulia. Droni niliinunua kwa sababu napenda sana kupiga picha za watu na naogopa sana kuwaomba ruhusa. Kutoka juu hakuna anayekukatalia. Hakuna pia anayekutabasamia. Rafiki yangu alipotazama picha zangu za likizo iliyotangulia aliniuliza kama nilikwenda kutembelea nchi ya vipara.

Sikuwahi kukipandisha kinyumenyume kidude changu kwa wakati. Kilipotua tu kwenye sinia, Bwana Fumbwe alikuwa mlangoni.

Bwana Fumbwe alikuwa Waziri wa Ngazi. Alikuja na watu wawili waliombebea ngazi ya kukunja, wakaikunjua katikati ya ua, akapanda vipandio kadhaa, akakohoa, ndipo akanitambua.

"Nani mwenye mheshimiwa huyu?" akauliza, akionyesha sinia.

"Mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mheshimiwa anakula nini?"

"Betri," nikasema.

"Mpeni betri," akawaambia watu wake, nao wakatazamana.

Tulikwenda Barazani kwa maandamano, droni mbele juu ya mto wa hariri, mimi nyuma na mfuko wangu wa nyaya.

Baraza la Kileleni hukaa juu ya viti vilivyopandanishwa, na kila mjumbe huongeza chake kila mwaka, kwa hiyo wa juu hawasikii wa chini, na wa chini huona nyayo tu. Juu ya wote alikaa Jaji Bi Tatuu, mwanamke mwembamba mwenye darubini. Mimi nilikalishwa sakafuni. Aliye sakafuni hasikiki kisheria, hivyo kila nilichosema ilibidi Bwana Fumbwe akipandishe.

"Mheshimiwa huyu," akaanza Bwana Fumbwe, "amekaa juu ya Mtukufu wetu, anayekaa kileleni mwa mnara, kwa muda wa chai kupoa. Kwa muda huo, kwa mujibu wa sheria, alikuwa mtawala wetu. Tunataka kujua: alitoa amri gani?"

Wote wakanitazama. Masikio yaliniwaka moto.

"Ilipiga picha tu," nikasema kwa sauti ya maktaba.

"Anasemaje?" akauliza Bi Tatuu kutoka juu.

"Anasema mheshimiwa alitutazama, hakusema neno, wala hakuchukua kitu."

Ukapita mnong'ono wa kuridhika. Mjumbe mmoja alifuta machozi, akasema kwamba nchi haijapata kuonja utawala mwema kama ule.

"Lakini," akasema Bi Tatuu, "mpakani ameandikishwa kuwa ni feni."

Hilo lilikuwa kweli. Afisa wa mpakani, aliyekaa juu ya stuli tatu, aliniuliza kama ni feni, na mimi kwa haya nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo tumeamkia feni?" akauliza jaji.

"Hatukuanza leo," ikasema sauti kutoka viti vya chini. Watu wakaangua kicheko, na aliyesema akajifunika uso kwa kigoda.

Nikaamriwa kuonyesha picha. Nilitoa projekta ndogo katika mfuko wangu wa nyaya, nikaiunganisha, na juu ya ukuta mweupe wa Baraza akatokea mtu ambaye wengi wao hawakuwa wamemwona uso kwa miaka: Mtukufu Mbaruku, mkubwa wa nchi, akiwa amesimama kwenye kilele cha mnara. Asubuhi nilimwona kwenye kioo kidogo cha rimoti nikadhani ananisalimu. Sasa, juu ya ukuta, tulimwona mzee mfupi, amejifunika blanketi, upepo unampiga. Picha hizo za video hazikuwa na sauti. Alielekeza kidole kifuani kwake, kisha akaelekeza chini, ardhini, kisha akainua mkono uliokunjwa mpaka mdomoni. Akarudia. Kifua, ardhi, mdomo.

Baraza lote likainamisha vichwa kwa heshima.

"Fasiri yake ni nyepesi," akasema Bwana Fumbwe. "Kifua maana yake ni taifa. Chini, maana yake ni msingi: msingi uimarishwe. Mkono mdomoni, anatuombea dua. Mtukufu ameona kwamba mgeni kutoka hewani amempita kwa kimo, anaagiza mnara uongezwe."

"Uongezwe kiasi gani?" akauliza Bi Tatuu.

"Hata mheshimiwa huyu asiufikie tena."

"Na mbao? Nchi haina hata mti mmoja. Yote imekuwa vigoda."

Hapo wajumbe wote wakatazama viti walivyokalia. Kisha Bwana Fumbwe, ambaye lazima nikiri alikuwa mtu wa mawazo, akatabasamu.

"Ngazi za mnara," akasema. "Zina mbao nyingi, nzuri, zilizokauka. Tuzing'oe zote, tuzipandishe kwa kamba, tujenge nazo ghorofa mpya. Mtukufu wetu tayari yuko juu. Ngazi za nini?"

Wakapiga makofi kwa miguu, kwa sababu mikono walikuwa wameshikia viti. Ikapitishwa kwamba kesho mchana, mbele ya watu wote, droni yangu ingerushwa mara moja zaidi ili ipimwe inafika kimo gani, mimi nitangaze kimo hicho, na nikishakitangaza tu mafundi waanze kung'oa ngazi. Mtukufu angeishi juu ya ghorofa hiyo siku zote, na chakula kimfikie kwa kamba.

Nilinyoosha mkono kusema kitu. Sikujua ni kitu gani. Hakuna aliyeuona, maana nilikuwa sakafuni.

Nilirudi kwenye nyumba ya wageni. Bi Mashavu alikuwa jikoni akisukuma chapati, na nyumba yake, ambayo peke yake mjini haikuwa hata na kizingiti, ilinukia iliki. Nilimweleza kila kitu. Alisukuma chapati ile mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, kisha akaikunja, akaisukuma upya.

"Vizuri," akasema. "Mungu azidi kumpandisha."

"Mama, unamjua Mtukufu?"

Akacheka kidogo, akajipangusa unga shavuni, akajipaka mwingine.

"Ni mume wangu."

Nilikaa chini juu ya gunia la viazi.

"Alikuwa fundi wa vigoda," akasema. "Mfupi, mchekeshaji, hajali. Siku moja bati la juu ya mnara lilipeperuka, wakamwita akaligongee. Mimi nilimshikia ngazi. Akaniambia, 'Mashavu, weka chai, nitarudi kabla haijapoa.' Akapanda na nyundo yake. Sasa hebu ona mambo ya Mungu: yuko pale juu ya bati, misumari mdomoni, na yule Mtukufu wa zamani chini yake akakata roho. Nani aliye juu kuliko wote nchini?"

"Baba Mbaruku."

"Fundi wangu! Hata misumari hajaitema, tayari ameamkiwa." Akageuza chapati kwa vidole. "Siku hizo sikuwa na mvi hata moja."

Tangu siku hiyo alimpelekea chai kila asubuhi. Kikapu kilipita ghorofa zote za mnara, na kila ghorofa kulikuwa na mtumishi wa kuonja, kwa usalama. Kikifika juu, chai ilikuwa baridi na chini ya kikombe. Jibu nalo lilipita ghorofa hizohizo likirudi, na kila siku lilikuwa lilelile: Mtukufu ameridhika.

"Na wewe huwa unamtumia ujumbe gani?" nikauliza.

"Heshima na taadhima. Ningesema nini tena? Kuna neno moja tu ninalolitaka, na hilo halisemwi."

Nikatoa rimoti, nikamwonyesha zile picha. Alikishika kile kioo kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kifaranga.

"Amekonda," akasema mwishowe. "Na ndevu nani anamkata? Mbona upande mmoja?" Kisha Mbaruku wa kwenye kioo akaonyesha kifua, akaonyesha ardhi, akainua mkono mdomoni, na Bi Mashavu akakisogeza kioo karibu na macho.

"Wamesema nini kuhusu huu mkono?" akauliza.

"Kwamba anaomba dua."

"Dua!" Akanirudishia rimoti, akakamata kitambaa, akakitupa. "Mwanangu, mtu anayeomba dua ananyoosha kidole kimoja namna hii? Hicho ni kikombe. Hivyo ndivyo alivyoshika kikombe maisha yake yote, kidole cha mwisho nje kama mkia wa mbuzi. Nilimcheka mpaka siku ya harusi."

Chapati ilikuwa inaungua. Hatukuiondoa.

"Ni mimi niliyeirusha," nikasema. "Kama nisingeirusha, wasingeng'oa ngazi."

"Kama usingeirusha, nisingemwona." Akaniangalia kwa macho mekundu, ya moshi na ya mengine. "Hicho kidude chako, kinaweza kubeba kitu?"

"Kidogo sana, mama."

"Na mimi sina kikubwa."

Kesho yake mchana watu walijaa uwanjani mpaka juu ya kuta. Mafundi walisimama kwenye lango la mnara na nyundo zao. Watumishi wa ghorofa walijipanga madirishani kwa kimo cha vyeo vyao, tayari kupokezana maneno ya Mtukufu. Bwana Fumbwe alikuwa juu ya ngazi yake ya kukunja, na Bi Tatuu juu ya kiti chake, kilicholetwa na watu wengi kwa shida nyingi.

Chini ya droni nilikuwa nimefunga kwa uzi chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, iliyooshwa na kujazwa chai ya moto, na nikaivisha soksi yangu ya sufu isipoe. Bwana Fumbwe aliiona.

"Hiyo ni nini?"

"Ni soksi, baba," nikasema. Huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Mheshimiwa anasikia baridi," akawatangazia watu, nao wakamwonea huruma.

Nikairusha. Ilipanda taratibu, ikiyumba kwa uzito, huku uwanja ukiimba shikamoo kila ilipopita ghorofa. Waonjaji walinyoosha shingo madirishani, lakini ilikuwa imewapita. Upepo ulipoipiga pembeni, nilidhani nitaiangusha. Kisha kwenye kioo nikaona blanketi, na mkono mwembamba, na mkono ule ukashika soksi.

Mtukufu Mbaruku aliifungua chupa. Mvuke ulitoka. Aliuona mvuke ule kabla ya kunywa, akaiweka chupa shavuni, akafumba macho, akakaa hivyo. Halafu akanywa. Kidole cha mwisho kilikuwa nje.

Kisha akainama ukingoni na kusema jambo. Hatukulisikia. Mtumishi wa ghorofa ya juu alilipokea bila kungoja liishe, akapaza sauti: "Mtukufu ameridhika!"

"Mtukufu ameridhika mno!" akasema wa chini yake.

"Ameridhika mno na anawashukuru viongozi!"

Lilipofika ardhini lilikuwa hotuba, na watu wakashangilia.

"Sasa, mgeni," akasema Bi Tatuu, "tangaza kimo. Panda kigoda ndipo tukusikie."

Mtu akaniwekea kigoda. Nilipanda. Sijawahi kusimama mbele ya watu wengi kiasi kile. Hata chuoni nilipotakiwa kusoma kazi yangu mbele ya darasa niliomba niibandike ukutani. Mafundi walikuwa wameinua nyundo. Namba ya kimo ilikuwa imeandikwa wazi kwenye kioo mkononi mwangu. Nikamtazama Bi Mashavu. Alikuwa amesimama kando, hana kigoda, ameshika ncha za kanga yake.

"Ule mkono sio dua," nikasema.

"Paza sauti!"

"Ule mkono sio dua!" Sauti yangu ilipasuka katikati, lakini ilitoka. "Ni kikombe! Yule baba anataka chai. Hataki ghorofa. Anaonyesha yeye mwenyewe, anaonyesha huku chini, anaonyesha kikombe. Hakuna fasiri nyingine."

Nyundo zilibaki hewani.

"Mgeni anamaanisha," akasema Bwana Fumbwe taratibu, "kwamba taifa litanyweshwa kwenye kikombe cha..."

"Fumbwe, tupumzishe!"

Alikuwa Bi Mashavu. Alikuja mpaka katikati ya uwanja, akapita kando ya vigoda vyote, akasimama juu ya mchanga mtupu kwa miguu mitupu. Akainua kichwa.

"Mbaruku!" akaita. "Shuka!"

Wanawake waliziba masikio ya watoto. Bi Tatuu aliangusha darubini. Mzee mmoja kando yangu akanong'ona, "Amelisema," kisha akalirudia peke yake polepole, kama mtu anayeonja tunda asilolijua: "Shuka. Shuka."

"Shuka, mume wangu!" akaita Bi Mashavu tena. "Shuka nyumbani!"

Juu ya mnara blanketi likaanguka. Mguu mmoja ukaonekana kwenye kipandio cha kwanza.

Lililofuata halikuamriwa na mtu, sheria ndiyo iliyolifanya. Hakuna anayeruhusiwa kuwa juu ya Mtukufu, na Mtukufu alikuwa anashuka. Mtumishi wa ghorofa ya juu alipiga kelele akakimbia chini mbele yake, akamkuta wa pili, wakasukumana na wa tatu, na mnara mzima ukajimwaga kwa lango kama gunia la viazi lililotoboka chini. Waziri wa Barabara alitoka akakanyaga shimo, akalitazama kwa mshangao mkubwa. Bwana Fumbwe aliruka kutoka ngazi yake, kisha, kwa kuwa Mtukufu alikuwa mfupi na yeye mrefu, akalala kifudifudi ili awe salama. Bi Tatuu aliteremshwa na watu wengi kwa shida nyingi. Watu walitupa vigoda vyao wakaketi chini. Yule mtoto wa ukutani aliruka akaangukia karibu na bibi yake, na kwa kuwa hakujua afanye nini sasa, akamwambia, "Shikamoo, bibi." Bibi alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kukumbuka jibu.

Droni yangu ilikuwa imeishiwa betri, ikatua yenyewe vumbini. Hakuna aliyeiamkia.

Mbaruku alipokanyaga ardhi, aliikanyaga mara ya pili, kama fundi anayejaribu ubao. Alikuja polepole, chupa ya dawa mkononi, soksi yangu begani, mpaka akasimama mbele ya mkewe. Walikuwa na kimo kimoja. Nilitoa simu mfukoni, nikawasogelea.

"Naomba niwapige picha," nikasema, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe.

Bi Mashavu akaitikia kwa kichwa bila kuniangalia. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga maishani, na niliipiga nikiwa chini.

"Ulisema utarudi kabla chai haijapoa," akasema Bi Mashavu.

Mbaruku alifungua mdomo. Kutoka ardhini Bwana Fumbwe akainua kichwa, vumbi puani.

"Mtukufu anamaanisha..."

"Nyamaza kidogo, baba," akasema Mbaruku, bila ukali. Akaitazama chupa, akamtazama mkewe, na kila mtu uwanjani alimsikia, kwa sababu wote tulikuwa tumekaa chini.

"Nilitaka kushuka siku ileile, Mashavu. Hata misumari sijaitema. Nilitaka kuja nyumbani, basi, ila niliona haya kusema."